Saini, Uhakiki na Uthibitisho: Istilahi za Ulinzi wa Baruapepe katika Seva ya Ofisi Ndogo

1. Utangulizi

Miongoni mwa maandiko yanayowafikia wafasiri siku hizi, mengi yahusu mitambo ya ofisi: miongozo ya kutumia kompyuta, nyaraka za usalama wa mitandao, na maelezo ya namna ya kutunza baruapepe. Mfasiri akabidhiwapo andiko la aina hii hudhani kwamba shida yake kubwa itakuwa kupata majina ya vitu. Kwa kweli vitu havisumbui sana. Kompyuta ni kompyuta, na mwenye kupenda tarakilishi anaeleweka vilevile. Kinachosumbua ni majina ya vitendo, na hasa vitendo vinavyokaribiana ambavyo sisi, kwa mazoea, tumevikusanya chini ya kitenzi kimoja.

Katika makala hii tutaeleza hatua ambazo ofisi ndogo huzichukua ili kuilinda seva yake na kuziboresha baruapepe zake, na papo hapo tutayapima maneno yanayotumika kuzitaja hatua hizo. Tunakusudia kuonyesha kwamba kitenzi kuthibitisha kimebebeshwa mizigo mingi kuliko kinavyoweza kuchukua, na kwamba katika jambo hili uzembe wa istilahi waweza kuigharimu ofisi fedha zake, au kuwagharimu wananchi siri zao.

2. Ofisi ya mfano

Tuchukue mfano wa ofisi ya watu kumi na wawili. Pembeni mwa chumba cha mhasibu kuna kompyuta moja ambayo haina mtu anayeketi mbele yake. Hiyo ndiyo seva. Ndani yake mna mafaili ya pamoja, orodha ya watumiaji, na baruapepe zote zinazoingia na kutoka.

Wapo waliojaribu kuiita kompyuta hii mtumishi, kwa kulifuata neno la Kiingereza lilivyo. Jina hilo halifai. Katika ofisi za serikali mtumishi ni mtu, mwenye cheo, mshahara na likizo. Tangazo lisemalo kwamba "mtumishi amezimwa hadi Jumatatu" litawashtua wasomaji wake kabla ya kuwaarifu. Seva ni neno la mkopo, lakini limekubali sauti na ngeli za Kiswahili bila taabu. Kanuni ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Kiafrika, kabla ya kukopa mbali, ni kanuni njema. Lakini haitulazimishi kulitwaa neno letu lenye kazi nyingine na kuliharibia kazi hiyo.

Ili kueleza kazi ya seva, ofisi ya karatasi yatupatia msamiati uliokwisha komaa. Seva ya baruapepe ni masijala na tarishi kwa pamoja. Kama masijala, hupokea barua, huzipanga na kuzihifadhi katika majalada. Kama tarishi, huzichukua barua zinazotoka na kuzipeleka kwenye masijala ya ofisi nyingine. Tukiishika picha hii, mengi yatakayofuata yatakuwa mepesi. Hata hivyo tujihadhari, kwa kuwa picha hii ina mahali inapotudanganya, nasi tutapafikia.

3. Kutambua na kuidhinisha

Kazi ya kwanza ya ulinzi ni kujua ni nani anayebisha hodi. Mtumiaji hujitaja jina, kisha hutoa nywila. Katika miongozo mingi iliyofasiriwa tendo hili huitwa kuthibitisha. Sisi twaona kwamba jina lake liwe kutambua: seva humtambua mtumiaji.

Tendo la pili hulifuata la kwanza, nalo huitwa vilevile kuthibitisha. Seva ikishamtambua karani, huamua ni mambo gani anaruhusiwa kuyafanya. Karani anaweza kusoma jalada la barua za ofisi, lakini asiweze kulifungua jalada la mishahara. Hili si suala la kujua yeye ni nani, bali la kujua ana ruhusa gani. Na Kiswahili kinalo neno lake, nalo ni idhini. Mwongozo unaosema "mtumiaji akithibitishwa ataingia" hautueleze kama ametambuliwa tu au amepewa pia ruhusa ya kuyafungua majalada yote. Katika ofisi nyingi ndogo kila mtu hupewa ruhusa za msimamizi mkuu, kwa kuwa aliyeipanga seva hakuona tofauti baina ya mambo haya mawili. Matokeo yake ni kwamba mwizi akiipata nywila ya mtu mmoja huwa ameipata ofisi nzima.

Kuhusu nywila yenyewe, wasomaji wanajua kwamba lipo pia neno nenosiri, ambalo uzuri wake ni kueleweka mara moja. Lakini kueleweka huko kuna hasara yake. Anayeambiwa achague neno la siri huchagua neno, tena neno moja, na mara nyingi ni jina la mtoto wake au la timu yake ya mpira. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2017, ulitilia mkazo urefu wa nywila, ukaacha kusisitiza mchanganyiko wa alama na ubadilishaji wa lazima wa kila baada ya muda fulani. Sentensi ya maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora kuliko neno moja lililopambwa kwa tarakimu. Kwa sababu hiyo twapendekeza nywila, kwa kuwa neno hilo halimwambii mtumiaji kwamba jawabu lake ni neno moja.

Utambuzi ulio bora zaidi ni wa hatua mbili: kitu ambacho mtumiaji anakijua, na kitu alicho nacho mkononi. Jambo hili si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kutoa fedha benki kwa kadi. Kadi bila namba ya siri haitoshi, na namba ya siri bila kadi haitoshi.

4. Ukuta, milango na viraka

Kizuizi kinachosimama baina ya mtandao wa ofisi na intaneti kimeitwa katika maandiko kadhaa ukuta wa moto. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno iliyogeuza maana. Jina la asili latokana na kazi ya ujenzi, ambako ukuta huwekwa ili kuzuia moto usivuke kutoka chumba kimoja hadi kingine. Msomaji wa Kiswahili asomapo "ukuta wa moto" huona ukuta unaowaka. Twapendekeza ukuta kinga, jina ambalo latosha kueleza kazi yake.

Ukuta huu una milango yenye namba, na kila huduma ya seva ina mlango wake. Mlango 25 ndio ambao seva hupokezana barua. Mlango 587, na pia 465, ni wa watumiaji wa ofisi yenyewe wanapotuma. Mlango 993 ni wa kusomea barua kwa njia iliyosimbwa. Kanuni ni moja: mlango usiotumika ufungwe. Seva inayoikubali barua ya mtu yeyote ili kuipeleka kwa mtu yeyote, bila kumtambua mtumaji, ni tarishi asiye na mwajiri. Watuma barua taka humgundua upesi, na baada ya muda mfupi barua halali za ofisi hiyo nazo hukataliwa kila mahali.

Umuhimu wa kuziba nafasi zisizotumika ulionekana mapema. Mnamo Novemba 1988 programu iliyojisambaza yenyewe, maarufu kwa jina la mnyoo wa Morris, ilienea katika kompyuta za mtandao huko Marekani. Njia mojawapo iliyoitumia ilikuwa sehemu ya majaribio iliyoachwa wazi katika programu ya kupeleka barua iitwayo Sendmail. Marekebisho ya kuziba tundu la aina hiyo huitwa kiraka, na tendo lenyewe huitwa kusasisha programu. Kiraka ni neno la fundi cherehani ambalo halihitaji maelezo. Kila mtu anajua kwamba nguo iliyotoboka haingoji mwisho wa mwaka.

5. Kusimba: usiri wa njiani na usiri wa jalada

Watoto wa pwani wana mchezo wa lugha uitwao kinyume, ambao silabi ya mwisho huletwa mwanzoni mwa neno: siri huwa risi, na barua huwa abaru. Asiyejua mchezo haelewi kitu. Anayejua anaelewa yote. Hapo ndipo ulipo udhaifu wake: siri yote imo katika kanuni, na kanuni ikishavuja hakuna tena kilichobaki. Usimbaji wa kompyuta umejengwa juu ya wazo tofauti. Kanuni yake hutangazwa wazi ili wataalamu wote waikague, na kinachofichwa ni ufunguo peke yake. Mfasiri aelewapo tofauti hii hatafasiri kana kwamba "kujua kanuni" na "kuwa na ufunguo" ni jambo moja.

Barua inaposafiri baina ya seva mbili, mapatano ya TLS huisimba njiani. Nyongeza ya kuwezesha jambo hili katika upelekaji wa barua iliandikwa mwaka 1999. Seva hutoa cheti kuonyesha kwamba ndiyo yenye jina inalolitaja. Zamani vyeti vilinunuliwa, na ofisi ndogo nyingi zilikaa bila navyo. Tangu mwaka 2015 huduma ya Let's Encrypt imekuwa ikivitoa bila malipo. Hata hivyo mara nyingi seva ikikuta kwamba mwenzake hajui kusimba, huipeleka barua wazi bila kumwambia mtumaji.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba usimbaji huu ni wa njiani tu. Barua ikifika masijala hukaa katika jalada ikiwa wazi, na mwenye ruhusa ya kulifungua jalada ataisoma. Sentensi kama "baruapepe zetu zimesimbwa" ina ukweli nusu. Twashauri wafasiri watofautishe usiri wa njiani na usiri wa jalada, na pale ambapo andiko la asili halisemi ni upi unaokusudiwa, wamuulize mwandishi.

Jambo hili limekuwa na uzito wa kisheria. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ofisi inayotunza barua zenye taarifa za wagonjwa, wanafunzi au walipakodi haiwezi tena kuichukulia seva yake kama kabati la mtu binafsi.

6. Bahasha, saini na tarishi

Sasa tumefika mahali ambapo picha ya ofisi ya karatasi hutudanganya. Barua ya karatasi huja katika bahasha, na mpokeaji huiona bahasha, stempu, muhuri na saini kwa macho yake. Baruapepe nayo ina bahasha, ambayo juu yake imeandikwa anwani ya mtumaji ili seva zipelekeane. Lakini mpokeaji haioni. Anachokiona kwenye kioo ni jina lililoandikwa ndani ya barua yenyewe, na hakuna kinacholazimisha jina hilo lifanane na lile la kwenye bahasha. Ray Tomlinson alipotuma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine mtandaoni mwaka 1971, na hata mapatano ya kupeleka barua yalipoandikwa mwaka 1982, watumiaji wa mtandao walikuwa wachache. Mapatano hayo hayakuitaka seva ihakikishe kwamba mtumaji ndiye anayejitaja.

Upungufu huu umezibwa kwa viraka vitatu, navyo hutajwa kwa herufi zao. Cha kwanza ni SPF. Ofisi hutangaza, katika daftari la hadhara la majina ya vikoa, orodha ya matarishi wanaoruhusiwa kubeba barua zake. Seva inayopokea huitazama bahasha, huisoma orodha, na hujua kama tarishi huyo anatambulikana. Cha pili ni DKIM. Seva inayotuma hutia saini kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuikagulia saini hiyo huwekwa katika daftari lile lile la hadhara. Barua ikibadilishwa njiani, saini haikubali. Cha tatu ni DMARC. Hiki hudai kwamba jina analoliona msomaji lioane na lile lililokaguliwa na SPF au DKIM, kisha humwambia mpokeaji la kufanya kama haviafikiani: aiache ipite na kutoa taarifa, aitenge, au aikatae. Ofisi yenye busara huanza na kutoa taarifa, huzisoma taarifa hizo kwa majuma kadhaa, ndipo inapoamuru kukataa. Ikianza na kukataa, huenda ikazizuia barua zake yenyewe.

Mambo haya si ya hiari kama yalivyokuwa. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimemtaka kila anayewatumia wateja wao barua awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi (kwa Google, karibu 5,000 au zaidi kwa siku) awe na vyote vitatu. Ofisi isiyojali hushangaa kuona barua zake halali zikiangukia katika chujio la barua taka.

Hapa tuna maonyo mawili ya istilahi. La kwanza lahusu neno sahihi. Katika Kiswahili, sahihi ni alama ya mkono wa mtu, na sahihi ni jambo lisilo na kosa. Mwongozo ukisema "barua hii ina sahihi" au "sahihi ya barua ni halali", karani mwenye haraka atasoma kwamba barua ni sahihi, yaani yaliyomo ni kweli. Kwa hiyo katika uwanja huu tutumie saini, na kwa ukamilifu saini ya seva, kwa kuwa mtiaji saini si mtu bali ni mtambo.

Onyo la pili ndilo kubwa zaidi. Kazi hii ya kukagua asili ya barua nayo imeitwa kuthibitisha. Tuseme mhasibu wa ofisi yetu ya mfano anapokea barua kutoka kwa muuzaji wa vifaa, ikimwarifu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Juu ya barua kuna maandishi: "Mtumaji amethibitishwa." Mhasibu analipa. Baadaye inagundulika kwamba kikoa cha mtumaji kilitofautiana na cha muuzaji kwa alama moja, tarakimu 1 ikiwa mahali pa herufi l. Tapeli alikisajili kikoa chake mwenyewe, akakiwekea SPF, DKIM na DMARC kwa ukamilifu. Mtambo haukusema uongo. Uliulizwa kama barua imetoka katika kikoa kinachotajwa, ukajibu ndiyo. Kosa lilikuwa katika neno lililomfikia mhasibu. Alidhani ameambiwa kwamba mtu yule ndiye, na kwamba dai lake ni la kweli. Kumbe aliambiwa tu kwamba bahasha, saini na jina vinaafikiana.

Laiti maandishi yale yangesema "Asili ya barua imehakikiwa: imetoka katika kikoa kifuatacho", macho ya mhasibu yangeelekezwa kwenye kikoa. Twatambua kwamba katika fasihi neno uhakiki lina kazi yake iliyozoeleka, lakini kitenzi hakiki kina maana pana ya kuchunguza ukweli wa jambo, na hatuoni kwamba mhakiki wa riwaya atanyang'anywa kitu.

7. Chelezo

Mwisho ni nakala za akiba. Neno chelezo, ambalo limeenea katika programu kadhaa, lilikuwa la mabaharia na wavuvi: ni boya, kitu kinachoelea. Twaliona linafaa, kwa sharti moja. Chelezo ni kitu kinachoelea hata vingine vinapozama. Nakala iliyowekwa ndani ya diski ile ile ya seva, au iliyounganishwa nayo daima, itazama pamoja nayo siku seva itakapoungua, kuibiwa, au kuvamiwa na programu haribifu zinazofunga mafaili na kudai fidia. Nakala hiyo haistahili jina la chelezo. Kadhalika, nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa haijulikani kama inaelea.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza maana zifuatazo:

Utambuzi: kujua kwamba anayeingia ni mtumiaji fulani.
Idhini: ruhusa ya mtumiaji aliyetambuliwa kufanya jambo fulani.
Uhakiki wa asili: ukaguzi wa seva kwamba barua imetoka katika kikoa kinachotajwa na haikubadilishwa.
Uthibitisho: kauli ya mtu mwenye dhamana kwamba yaliyoandikwa ni kweli.
Saini ya seva: alama inayotiwa na seva kwa ufunguo wa siri.
Usimbaji: kugeuza maandishi yasisomeke bila ufunguo.
Ukuta kinga: kizuizi baina ya mtandao wa ofisi na intaneti.
Kiraka: rekebisho linaloziba udhaifu wa programu.
Chelezo: nakala ya akiba iliyotengwa na seva na iliyojaribiwa.

Msomaji ataona kwamba mambo matatu ya mwanzo ni ya mtambo, na la nne tumemwachia binadamu. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Seva hutambua, huidhinisha na huhakiki. Kuthibitisha ni kazi ya mhasibu anayeinua simu na kumpigia muuzaji kwa namba iliyomo katika jalada la zamani, si ile iliyoandikwa katika barua mpya. Lugha ikimwambia kwamba kazi hiyo imekwisha fanywa na kompyuta, hatainua simu.

Twawaomba walimu wa uhazili na wa kompyuta wayajaribu maneno haya darasani, na wafasiri wayapime katika kazi zao. Palipo na neno lililo bora zaidi, hasa lile ambalo tayari linatumiwa na mafundi na makarani wenyewe, tutashukuru kuletewa pamoja na mfano wa matumizi yake.